NDOA HAIFUTI SIKU ULIZOZIDISHA

Kila sifa njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, ipo kauli iliyozoeleka katika baraza za misikiti yetu, kuanzia mwambao wa Afrika Mashariki hadi katika jumuiya za ndugu zetu wanaoishi Marekani. Kijana ambaye muda wake wa kukaa huko umekwisha naye hataki kurudi huambiwa: “Wewe kaa tu, ukioa mambo yatanyooka.” Mzazi ambaye binti yake anaposwa na kijana huyo huambiwa: “Makaratasi ni jambo dogo, ndoa itayasafisha.” Wasemao hivyo si maadui zetu. Ni wajomba, ni marafiki, na baadhi yao huwaoni wakikosa safu ya mbele. Lakini kauli yenyewe si ya kweli, na madhara yake yamo majumbani mwetu: mke yuko Mombasa, mume yuko Ohio, na watoto wanamjua baba yao kwa sauti ya simu.

Katika makala haya tunakusudia kubainisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba siku alizozidisha mtu katika nchi ya watu hazifutwi na akdi ya ndoa. Zina hesabu yake katika sheria, na hesabu hiyo humngoja siku mwenzi wake atakapomwombea viza. La pili, nalo ndilo zito zaidi, ni kwamba mara nyingi kinachoufunga mlango moja kwa moja si zile siku, bali ni uongo uliotumika kuzificha. Msema kweli ana njia, hata kama ni ndefu na yenye miba. Mwongo huifunga njia hiyo kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamlaumu balozi.

HESABU YA SIKU

Tuanze na sheria yenyewe, kwani wengi wanaoitolea hukumu barazani hawajapata kuisoma.

Watu wengi huchanganya viza na ruhusa ya kukaa. Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni na kubisha hodi. Muda wa kukaa ndani huwekwa na afisa wa uhamiaji pale mtu anapoingia, nao huandikwa katika kumbukumbu iitwayo I-94. Yawezekana viza iliyo katika pasi ikawa imebakiwa na mwaka mzima, ilhali ruhusa ya kukaa ni ya miezi sita tu. Anayehesabu siku zake kwa kuitazama viza amejidanganya. Akiivuka tarehe ya ruhusa hata kwa siku moja, viza aliyoingilia hubatilika, na akitaka nyingine hulazimika kwa kawaida kuiomba katika nchi ya uraia wake.

Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya uhamiaji ambayo Rais Bill Clinton aliitia saini tarehe 30 Septemba mwaka huo. Hesabu ya siku za kukaa bila ruhusa ilianza tarehe 1 Aprili 1997. Chini ya sheria hiyo, aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka mmoja, kisha akaondoka kwa hiari yake kabla ya kufunguliwa shauri la kuondolewa, hazuiliwi kwa mwezi wala miwili. Huzuiliwa kuingia kwa miaka 3. Aliyekaa bila ruhusa mwaka mmoja au zaidi akaondoka, huzuiliwa kwa miaka 10. Na aliyekusanya jumla ya zaidi ya mwaka mmoja, akatoka, kisha akarudi au akajaribu kurudi kwa kupenya mpaka bila kukaguliwa, zuio lake halina mwisho wa miaka. Huyo hawezi hata kuomba ruhusa maalumu ya kurejea mpaka awe amekaa nje miaka 10.

Hapa pana jambo linalowaponza wengi. Mazuio ya miaka 3 na 10 humpata mtu pale anapotoka. Akiwa ndani yamelala. Akivuka mpaka kutoka, yameamka. Kijana aliyezidisha miaka miwili anapata habari kwamba mama yake ni mgonjwa Tanga, anapanda ndege kwa huruma na mapenzi, anafika, anamzika mzazi wake, anaoa. Mke aliyemuoa ni raia wa Marekani aliyezaliwa na wazazi wa Kitanzania, ndoa ni ya kweli, mashahidi ni waadilifu, mahari imelipwa. Mke anarudi na kumwombea mumewe viza ya mwenzi. Ombi linakubaliwa, kwa kuwa ndoa ni sahihi. Kisha siku ya usaili ubalozini swali linakuja: uliondoka lini Marekani, na ruhusa yako iliisha lini? Ndoa ni sahihi, lakini miaka 10 iko palepale. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu waliomzunguka walikuwa wakimwambia kwamba ndoa husafisha.

Haki ituamuru tutaje pia yale yaliyo mepesi, tusije tukatisha watu kwa kisichokuwepo. Siku ambazo mtu alikuwa na umri wa chini ya miaka 18 hazihesabiwi. Aliyezidisha siku 180 au pungufu yake hapatwi na zuio la miaka 3, ingawa ni lazima alieleze jambo hilo anapoulizwa. Tena, wanafunzi walioingia kwa kumbukumbu isiyo na tarehe maalumu ya mwisho wamekuwa na hesabu tofauti, ambayo haianzi siku ileile waliyoacha masomo. Mwenye hali hiyo asijihukumu wala asijisamehe mwenyewe. Amuulize mwanasheria.

“FULANI ALIOA NA AKAPATA”

Wanaotetea kauli ya barazani wana ushahidi wao. Husema: “Fulani alizidisha miaka saba, akaoa, na leo ana kadi ya ukaazi wa kudumu.” Hatukatai. Ni kweli wapo, na sheria yenyewe imewapa nafasi. Lakini mtu asiichukue dawa ya jirani kabla hajajua jirani aliugua nini.

Nafasi hiyo ina masharti. Sharti la kwanza ni kwamba mwenzi awe raia wa Marekani. La pili, mwombaji awe aliingia nchini kwa njia ya halali, akakaguliwa na kuruhusiwa na afisa. La tatu, akamilishe ombi lake akiwa humo humo ndani, asitoke. Mwenye kukamilisha hayo sheria haimzuii kwa sababu tu ya kuzidisha muda. Kwa kuwa hakutoka, lile zuio la miaka 3 au 10 halikuamka.

Sasa mtazame mwingine, aliyeoa mwanamke ambaye bado hajapata uraia na ana kadi ya ukaazi wa kudumu tu. Macho ya watu huona ndoa mbili zinazofanana, lakini sheria haizioni hivyo. Huyu wa pili, akiwa amezidisha muda, kwa kawaida hawezi kukamilisha ombi lake ndani ya nchi. Hutakiwa aende ubalozini, na hatua ile ya kutoka ndiyo inayomwamshia zuio. Huenda ingemfaa asubiri mpaka mkewe apate uraia. Lakini nani alimweleza? Aliambiwa “fulani alioa na akapata”, akafuata nyayo za fulani bila ya kujua kwamba fulani alipita njia nyingine.

Hata kwa aliyeoa raia, mambo ya miaka ya karibuni hayamruhusu mtu kulala. Tarehe 28 Februari 2025 idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba mwombaji asiye na ruhusa ya kukaa, ombi lake likikataliwa, apelekewe hati ya kumfikisha mbele ya hakimu wa uhamiaji. Tarehe 1 Agosti mwaka huo idara hiyo ikasisitiza katika mwongozo wake kwamba ombi la familia peke yake halimpi mtu hadhi ya kukaa wala halimkingi na kuondolewa. Basi mwenye kupeleka karatasi zilizoandaliwa na kishoka wa mtaani, akitumaini kwamba akikosea ataomba tena, na ajue kuwa huenda jibu la kukataliwa likaja pamoja na wito wa mahakama.

MSAMAHA UPO, LAKINI SI KWA KILA KITU

Aliyekwishatoka na zuio likamwamkia hajafungiwa milango yote. Sheria imeweka msamaha, ambao huombwa kwa fomu ya I-601. Mwombaji hutakiwa athibitishe kwamba mume, mke au mzazi wake, aliye raia au mkaazi wa kudumu, atapata dhiki iliyopita kiasi endapo msamaha hautatolewa. Tafakari maneno hayo. Dhiki inayopimwa si ya mwombaji mwenyewe. Wala watoto hawamo katika orodha ya wanaopimwa. Taabu yao hutazamwa kwa kadiri inavyomwelemea mzazi wao aliye raia au mkaazi. Na upweke wa kawaida wa kutengana hautoshi, kwa kuwa kila mke aliye mbali na mumewe ni mpweke. Hutakiwa ushahidi: taarifa za hospitali, madeni, wazee wanaotunzwa, na sababu za mwenzi huyo kutoweza kuhamia nchi ya mwombaji.

Kuanzia tarehe 4 Machi 2013 uliwekwa utaratibu wa fomu ya I-601A, unaomwezesha mtu aliye ndani kuomba msamaha huo kabla ya kwenda kwenye usaili ubalozini, asije akatoka bila kujua hatima yake. Mwanzoni ulikuwa kwa jamaa wa karibu wa raia. Tarehe 29 Agosti 2016 ukapanuliwa na kuwaingiza pia wenzi wa wakaazi wa kudumu. Hiyo ni rehema ndani ya sheria kali, na ni haki ya ndugu zetu kuitumia.

Lakini liangalieni vema sharti lake: msamaha wa I-601A ni wa siku zilizozidishwa tu. Hausamehi uongo. Ubalozi ukigundua kwamba mtu huyo alimdanganya afisa, msamaha alioupata mkononi huanguka, na mume aliyeaga kwa wiki chache hujikuta amekwama nje. Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha makala haya.

UONGO NDIO KUFULI

Mficha maradhi, kilio humfichua. Fomu ya kuombea viza ya mwenzi humuuliza mwombaji waziwazi kama aliwahi kukaa Marekani bila ruhusa, au kuzidisha muda aliopewa, au kuvunja masharti ya viza. Kishoka humshauri: “Andika hapana, hawana habari.” Wanazo. Orodha za abiria wa ndege hupelekwa serikalini, na kumbukumbu za kuingia na kutoka zimehifadhiwa. Aliyekuwa na zuio la miaka 10, ambalo lina mwisho, ameongeza juu yake zuio la kudanganya, ambalo ni la maisha mpaka asamehewe, na msamaha wake pia hudai dhiki ya mwenzi au mzazi. Na aliyezidisha miezi minne tu, ambaye hakuwa na zuio lolote, amejitengenezea zuio kwa kalamu yake. Upumbavu gani unaopita huu, mtu kuficha kosa jepesi kwa kosa zito?

Wapo waliofanya baya zaidi. Katika kutafuta kazi walitia alama kwenye kisanduku cha kudai kwamba wao ni raia wa Marekani, au walijiandikisha kupiga kura. Kudai uraia kwa uongo, tangu sheria ile ya 1996, ni kosa ambalo anayeombewa na mwenzi wake hana msamaha wake. Alama moja ya kalamu iliyowekwa kwa ajili ya kazi ya kubeba maboksi imemzuia mtu asiishi na mke wake wa halali.

Wapo waliojilipua, yaani walioomba hifadhi kwa jina lisilo lao na nchi isiyo yao, kisha wakarudi kuoa kwa majina yao ya kweli. Alama za vidole hazibadiliki kwa kubadili jina.

Na wapo wa ndoa za makaratasi. Kuhusu hao tuseme bila kumung’unya maneno. Sheria ya Marekani inasema kwamba mtu ambaye imethibitika alifunga ndoa, au alipanga njama ya kufunga ndoa, kwa nia ya kukwepa sheria za uhamiaji, hakuna ombi lolote la mwenzi litakalokubaliwa kwa ajili yake baada ya hapo. Hilo halina msamaha. Ni pamoja na adhabu ya jela isiyozidi miaka 5 na faini isiyozidi dola 250,000 kwa anayetiwa hatiani. Kijana anayemlipa mwanamke aigize mke wake, kesho akimpenda mwanamke wa kweli na kumuoa kwa haki, mke huyo wa kweli atakuta mlango umejengewa ukuta. Dhambi aliyoitenda na mwanamke mmoja inalipwa na mwingine.

Ongeza juu ya hayo hali ya aliye na mke nyumbani. Nikahi iliyofungwa Lamu au Unguja ni ndoa, na serikali ya Marekani huitazama ndoa kwa sheria ya mahali ilipofungwa. Mume aliyemwacha mkewe nyumbani, akaenda kufunga ndoa nyingine huko na kuandika kwamba hajawahi kuoa, amesema uongo, na ndoa yake hiyo ya pili haitambuliwi huko, kwa kuwa hawakubali mke zaidi ya mmoja. Baadhi hukimbilia kwa kadhi wakaandikisha talaka, kisha wakamwambia mke: “Hii ni ya makaratasi tu, wewe bado mke wangu.” Subhanallah! Tangu lini talaka ikawa mzaha? Wanachuoni wetu wamefundisha kwamba ndoa na talaka, ukweli wake ni ukweli na mzaha wake ni ukweli. Aliyempa mkewe talaka kwa ajili ya viza amempa talaka. Na aliyeoa kwa akdi iliyotimia ili apate kadi, huyo ana mke mwenye haki ya mahari, matumizi na heshima, na siku ya Kiyama ataulizwa juu yake.

“SHERIA YAO HAITUFUNGI”

Hapa husimama mtu akasema: “Hizo ni sheria za makafiri, ardhi ni ya Allah, Muislamu hana hatia kuzidisha siku wala kuwadanganya.” Maneno haya yamevishwa kanzu ya dini, nayo dini haiyajui.

Mwenye kuomba viza hutia saini. Husema: nitakaa muda mtakaonipa, sitafanya kazi msiyoniruhusu. Kwa ahadi hiyo huruhusiwa kuingia akiwa salama, yeye na mali yake. Huu ni mkataba wa amani baina ya pande mbili, na Sura ya Al-Maida inafunguka kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba yao. Haikuamrisha mikataba na Waislamu pekee. Na Mtume (s.a.w.) ameihesabu tabia ya kuvunja ahadi kuwa miongoni mwa alama za unafiki, bila ya kutaja ahadi hiyo amepewa nani.

Akitaka mfano ulio bayana zaidi, na atazame kisa cha Hudhayfa bin al-Yaman (r.a.), ambacho Imamu Muslim amekipokea katika Sahihi yake. Hudhayfa na baba yake walikamatwa njiani na Makureshi walipokuwa wakielekea Madina. Wakaachiwa wapite kwa sharti moja: wasipigane pamoja na Mtume. Siku za Badri zikawadia, na jeshi la Waislamu lilikuwa dogo mno mbele ya adui. Wakamweleza Mtume (s.a.w.) habari ya ahadi ile. Hakuwaambia kwamba ahadi kwa washirikina si kitu. Aliwaamuru waondoke, wawatimizie Makureshi ahadi yao, na akamtegemea Allah dhidi yao. Hudhayfa hakuhudhuria Badri kwa sababu ya neno alilolitoa njiani ili apewe ruhusa ya kupita.

Ikiwa ahadi ya njiani, iliyotolewa kwa adui mwenye upanga, ilitimizwa siku ambayo Uislamu ulihitaji kila mkono, je, ahadi ya mtu aliyekwenda kutafuta kazi ina udhuru gani?

Hatusemi kwamba kila aliyezidisha muda ni fasiki. Wapo waliougua, wapo walioibiwa na mawakala, wapo waliokuwa wakikimbia vita, na wapo waliopelekwa wakiwa watoto wasio na kauli. Allah ndiye ajuaye nyoyo. Aliyekwishateleza toba ni yake, na sheria yenyewe kama tulivyoona imemwachia njia. Tunachokikataa ni kulihalalisha kosa kwa jina la dini, na kulirundikia uongo juu yake.

DHARA HUWAFIKA WASIOKOSA

Tena kosa hili haliishii kwa mwenyewe. Tarehe 4 Juni 2025 Rais wa Marekani alitoa tangazo la kuzuia raia wa nchi kadhaa kuingia. Burundi iliwekwa katika kundi la zuio la sehemu, na sababu iliyotajwa ilikuwa kiwango cha raia wake wanaozidisha muda wa viza. Tarehe 16 Desemba 2025 tangazo jingine likaiongeza Tanzania katika kundi la zuio la sehemu, kuanzia tarehe 1 Januari 2026, na kuzidisha muda wa viza kukatajwa tena. Zaidi ya hayo, tangazo hilo liliipunguza nafasi ambayo lile la kwanza liliwaachia jamaa wa karibu wa raia.

Tuseme haki hata kama inauma pande zote. Kumzuia mke asiyewahi kuvuka mpaka wa nchi yoyote kwa sababu ya siku alizozidisha mtu asiyemjua ni dhulma, na hatuoni haya kuiita dhulma. Hakuna nafsi inayobebeshwa mzigo wa nyingine katika uadilifu wa Allah. Lakini dhulma ya mtawala haimtoi hatiani yule aliyempa kisingizio. Yule kijana aliyeambiwa “kaa tu” alidhani anajihesabia siku zake peke yake. Kumbe walikuwa wakihesabiwa na wengine, na hesabu ikapelekwa kwa binti wa watu aliyekuwa akingoja usaili. Basi kila anayetaka kuomba sasa aangalie kwanza ni tangazo gani linalotumika kwa nchi yake siku hiyo, kwa kuwa mambo haya hubadilika haraka.

NINI KIFANYIKE

Ndugu zetu wa misikitini, makala yanayolalamika bila kuelekeza hayana faida. Tunawausia watu wanne.

Kwanza, mawalii. Mnapoletewa posa na kijana aliyeko au aliyekuwa ughaibuni, mnauliza mahari, mnauliza nyumba, mnauliza kabila. Ulizeni pia haya: Aliingia lini na kwa njia gani? Ruhusa yake ya kukaa iliisha tarehe ngapi? Je, alitoka, na alitoka lini? Aliwahi kuomba kwa jina au uraia mwingine? Aliwahi kuoa au kuolewa huko, hata kwa makaratasi? Kumficha mwenzi jambo litakalomtenganisha naye kwa miaka 10 ni ghushi, na ghushi katika ndoa ni nzito kuliko ghushi ya sokoni.

Pili, maimamu. Msiandike cheti cha ndoa kwa tarehe isiyo ya kweli, hata kama anayeomba ni mfadhili wa msikiti. Cheti ni ushahidi, na ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa. Mlioko Marekani, wahimizeni watu kuchukua leseni ya ndoa ya serikali ya mahali wanapoishi kabla ya akdi, kwani nikahi isiyotambuliwa na sheria ya mahali pale huweza kumwacha mke bila ya haki ya kuombewa wala kuomba. Na mkiulizwa habari za viza, semeni “sijui”, mkampeleke muulizaji kwa mwanasheria mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya nchi hiyo. Mfuko wa msikiti unaoweza kununua zulia jipya unaweza kulipia mashauriano ya ndugu mmoja asiye na uwezo.

Tatu, mwenye siku alizozidisha. Ndugu yangu, kaa chini uandike tarehe zako zote bila kujipendelea. Omba kumbukumbu zako serikalini ujue kilichoandikwa juu yako. Usitoke nchini kabla hujaelezwa nini kitaamka ukitoka. Usiache msiba wala harusi vikuamulie. Mweleze mwenzi wako kila kitu kabla hajatia saini, kwa maana jina lake na kiapo chake vitakuwa pamoja na vyako. Na ukiulizwa ubalozini, sema kweli, hata kama kweli hiyo itakugharimu miaka. Miaka huisha.

Nne, dada zetu mnaowaombea waume zenu. Msikubali kutia saini kwenye fomu ambayo hamjaisoma, wala msiombwe kwa jina la utii kusema mnalojua si kweli. Hakuna utii kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Mke anayemzuia mumewe kusema uongo ameilinda nyumba yake.

Na ninyi wa barazani, mlio hodari wa kuwatuliza watu kwa maneno matamu: nyamazeni katika msilolijua. Kijana mliyemwambia “kaa tu” hamtamsaidia siku ya usaili. Hamtamlipia mwanasheria. Hamtawalea watoto wake kwa miaka 10. Neno lenu halikuwagharimu kitu, na yeye limemgharimu nyumba.

Tunamuomba Allah awaunganishe waliotenganishwa, awafungulie njia wasema kweli, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza ahadi zao. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.